Fungu la Aya Nane

9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba mgongo umepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na ngazi za jengo letu ni nyingi, kwa hiyo ameamua kutoshuka isipokuwa kwa jambo la maana. Jambo la maana kwake ni kwenda sokoni, na kumsuta mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja. Mimi nimenenepa. Usimwambie mtu.

Sasa nina ombi. Unajua tangu mwaka juzi niko katika ofisi hii ya kutafsiri Maandiko upya. Tuko watatu, juu ya duka la rangi za kuta, na ikifika alasiri vichwa vyote vitatu vinauma kwa harufu. Yupo Mzee wa Kigiriki, tunayemwita hivyo kwa sababu lugha ile ya asili anaisoma kama sisi tunavyosoma tangazo ukutani. Yupo Bi Nukta, mhakiki wetu, ambaye anaweza kufumbua macho katikati ya maombi kutuambia kuna mkato umezidi. Na mimi, ninayehangaika sentensi zikae vizuri mdomoni.

Kazi yetu ina desturi moja. Tukimaliza fungu hatuliamini mpaka lipite kwa msikilizaji, mtu wa nje. Anasomewa kwa sauti, mara mbili. Kisha anaweka karatasi kando na kulisimulia kwa maneno yake, kwa maandishi. Asipolielewa, kosa ni letu. Na fungu halizidi aya nane, maana tuliona watu wakipewa nyingi husimulia mwanzo na mwisho, katikati wanabuni.

Nimekupendekeza wewe. Bi Nukta alisita aliposikia uliwahi kuwa mzee wa kanisa, akasema utaleta mahubiri. Nikamwambia uliacha siku nyingi, na kwamba wewe ni fundi makochi usiyekubali kitu usichokielewa, hata kama kimesemwa na askofu. Kwa hiyo nakuletea mafungu matatu. Mkaza mjomba akusomee. Usifungue Biblia yako ya zamani kuchungulia.

Mpwa wako akupendaye.


2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Kunenepa si siri. Picha uliyoleta mwaka jana ilishasema. Sisi wazima. Mgongo ni uleule, tumezoeana. Mkaza mjomba wako ana kikohozi ambacho hakimzuii kusema. Karakanani nina seti ya mwenye duka la dawa, makochi mawili na stuli, ambayo fundi mwingine alijaza matambara badala ya sponji. Nimefungua nimekuta hadi soksi. Watu hawamwogopi Mungu.

Haya, kazi yako. Tulikaa barazani baada ya chakula cha mchana, mke wangu akasoma kwa ile sauti yake ya kugombeza.

La kwanza. Mama na mwana wamealikwa harusini. Divai ikaisha. Mama akamnong'oneza mwana, mwana akamjibu kama anamjibu mpita njia: mwanamke, mimi na wewe tuna nini katika hili? Mama hakukasirika, akawaambia watumishi wafanye atakalosema mwanawe. Maji yakawa divai. Muujiza nimeuelewa. Nilichoshindwa ni yule mama kutokasirika. Mimi ningemwita mama yangu "mwanamke" mbele ya wageni, ningeondoka harusini na alama za vidole vitano shavuni.

La pili. Alikuwa na njaa, akaona mtini, hauna tunda maana si msimu wake, akaulaani, ukakauka. Nimeelewa kila neno na sijaelewa jambo. Mke wangu anasema mti umeonewa. Waandikie hivyo wenzako: mti umeonewa, kwa maoni ya mke wa fundi.

Mwambie mama yako namsalimia. Goti alisugue kwa maji ya moto yenye chumvi.

Mjomba wako.


20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilisomwa ofisini kwa sauti, na Bi Nukta alicheka mpaka akatoka kwenda kunywa maji. Anakubali sasa kwamba wewe ndiye msikilizaji tuliyekuwa tunamtafuta. Mkaza mjomba naye amepata mshabiki: Mzee wa Kigiriki amekuwa akisema "mti umeonewa" wiki nzima, anatikisa kichwa.

Kuhusu mama wa harusini, umetuokoa. Mzee anasema neno la asili ni *gunai*, na katika lugha ile mtu angeweza kumwita hivyo malkia, au mke anayempenda. Halina ukali hata kidogo. Yuleyule mwana alimwita mama yake hivyohivyo saa anakufa, alipokuwa anamkabidhi kwa rafiki yake amtunze. Sisi tulikuwa tumeandika neno sahihi kwenye kamusi, ambalo mdomoni linakuwa tusi. Sasa tumeandika "Mama".

Salamu zako nimezifikisha. Mama alisema "vema", halafu akaniuliza kama nimezima jiko. Hivi mjomba, nimekuwa nikipeleka salamu zako tangu nimalize shule, na kila mara jibu ni jiko, au pazia, au mvua. Labda nimechelewa kuona. Mna nini nyinyi wawili?

Na fungu la tatu je? Hukuligusa. Ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tunalolingoja.

Mpwa wako.


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenibana. Yule wa duka la dawa amebadili mawazo, hataki tena kitambaa cha kijani, anataka cha kahawia, na cha kijani nilishakikata. Mkaza mjomba wako kikohozi kimekwisha, sasa anasema bila kizuizi. Jirani wetu wa kushoto amemwoza binti yake, tumekaa na matarumbeta siku mbili. Mvua imeanza. Paa la karakana linavuja mahali pawili, si pabaya.

Mama yako na mimi hatuna ugomvi. Watu wazima huwa hawana maneno mengi.

Fungu la tatu karatasi yake ililowa kwa hiyo mvua. Usijisumbue kuileta tena, leta mafungu mengine tu, yale ya mifano, mtu anapanda mbegu, mtu anatafuta kondoo. Hayo ninayaweza.

Nina swali, la kuuliza tu. Lile neno la katikati pale, kwamba walioangaziwa nuru wakaanguka, haiwezekani kuwarudisha watubu. Katika hicho Kigiriki linasema kweli haiwezekani? Au linasema ni vigumu? Maana kuna tofauti kati ya mlango uliofungwa na mlango mzito. Muulize huyo Mzee. Si lazima haraka.

Mjomba wako.


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi imelowa, lakini neno lake gumu umelikumbuka vizuri sana. Wewe ungekuwa mwizi ungekamatwa siku ya kwanza.

Nimemuuliza Mzee, naye alivua miwani, jambo analolifanya akiwa na habari isiyopendeza. Neno ni *adunaton*. Haiwezekani. Mwandishi wa ile barua ndefu ya Maandiko lilimotoka fungu hili, ambaye hakuna ajuaye jina lake, analitumia mara nne. Aya chache mbele anasema haiwezekani Mungu aseme uongo. Tukisema hapa ni vigumu, inatubidi na kule tuseme ni vigumu Mungu kusema uongo, na hapo tutakuwa tumeharibu zaidi ya tulichotengeneza. Wako wanaosema anawazungumzia wale wanaoendelea kumsulubisha Kristo kwa makusudi, maadamu wanaendelea. Wako wanaosema ni onyo tu, kama mzazi anavyomwonya mtoto kabla hajafika barabarani. Wanabishana tangu karne za mwanzo. Lakini neno ni hilo. Nisingependa kukudanganya.

Sasa zamu yangu kuuliza. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nalisoma fungu hilohilo kwa sauti, kulipima mdomoni, mama anachambua maharage. Nilipofika "haiwezekani" mkono wake ulisimama. Akaniuliza, "Nani kakutuma unisomee hilo?" Nikasema hakuna, ni kazi. Akasema, "Mwambie nilishalisikia." Akaacha maharage mezani, akaenda kujifungia chumbani mpaka jioni. Mjomba, mama yangu huwa haachi maharage nusu.

Nimemwuliza. Hasemi. Nakuuliza wewe. Kulikuwa na nini?

Mpwa wako.


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nne. Mkaza mjomba wako ameniambia leo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akanifungia mlango wa karakana, kasema nisitoke mpaka niimalize. Kwa hiyo sina salamu nyingi. Sote wazima.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na minne. Baada ya maziko ulirudi bwenini, hukuona yaliyofuata. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo, mama yako alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi simwamini tena huyu." Akatoka. Miaka mitatu hakukanyaga kanisani, na alikuwa akisema mengine barabarani ambayo sitayaandika. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Unaweza kufikiri.

Kisha Jumatano moja, alasiri, alikuja karakanani. Nilikuwa nimepiga magoti nafunga springi. Alikaa juu ya fremu tupu ya kochi, akasema, "Kaka, nataka kurudi. Nimeona nianze na wewe."

Ningeweka nyundo chini tu, mwanangu. Hilo ndilo lililotakiwa, kuweka nyundo chini. Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba nikimpokea kwa kuwa ni dada yangu, nitakuwa nimempendelea, na Mungu ataniuliza. Nikamwambia, "Ngoja tuone Maandiko yanasemaje." Mfukoni nilikuwa na kijitabu cha masomo ya wazee, fungu moja kila wiki. Nikafungua la wiki ile. Lilikuwa hilo. Nikaona Mungu mwenyewe kalipanga, nikamsomea, kwa sauti ya kanisani. Nilisoma kwamba haiwezekani. Nilisoma habari ya shamba linaloota miiba na mwisho wake ni kuchomwa moto. Fungu liliishia hapo, nami nikaishia hapo, nikafunga kijitabu.

Aliniuliza neno moja: "Basi?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye sketi, akaniaga vizuri kama mteja. Kesho yake nilikwenda kwake asubuhi nikakuta kufuli. Jirani akasema ameondoka na mabegi mawili. Wewe uliambiwa amechoka na mji ule. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo.

Miezi miwili baadaye niliacha uzee wa kanisa. Nilisema ni mgongo. Naendelea kwenda, nakaa karibu na mlango, na meza ya Bwana ikiandaliwa natoka nje kuangalia baiskeli. Miaka kumi na tatu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingekuwa kimepona.

Mwanangu, sikuwahi kukuomba kitu. Nakuomba. Andikeni "ni vigumu". Ni neno moja tu katika kitabu kizima. Nani atapungukiwa? Ukiliandika hivyo nitaweza kumpelekea mama yako kitabu kipya, nimwambie kile cha zamani kilikosea. Niambie utafanya.

Mjomba wako.


2 Julai

Mwanangu,

Umenyamaza. Una haki, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nataka tu kujua kama mama yako hajambo. Hata neno moja kwenye kadi, hajambo au hajambo sana. Sitauliza jingine.

Mjomba.


11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Nilikuchukia. Nalisema lilivyo kwa sababu umeniambia lako lilivyo. Nilikumbuka mwaka ule nilipofunga shule nikaambiwa nisiende nyumbani, niende mji mwingine kabisa, nikamkuta mama katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Alikuwa amekonda. Nilimwuliza kwa nini tumehama, akasema kule kuna vumbi. Miaka yote nimekuwa nikikuandikia, nakutania, nakupelekea picha. Nilijiona mjinga. Sikutaka hata kuona mwandiko wako.

Na bado nilifanya ulichoniomba. Siku moja wenzangu wametoka kula, nilifuta "haiwezekani" nikaandika "ni vigumu". Sikufanya kwa ajili yako, nilifanya kwa ajili ya mama. Lilikaa siku mbili. Bi Nukta ndiye aliyeliona, hakika. Akaliwekea duara jekundu wala hakusema kitu, akaipeleka karatasi kwa Mzee. Nilingoja kufukuzwa kazi. Mzee alivua miwani, akaniambia kuwa hata zamani mnakili mmoja wa Kilatini alilainisha hapohapo. "Kila anayelilainisha neno hili," akasema, "ana mtu wake moyoni. Wako ni nani?"

Nililia, mjomba, katikati ya ofisi, na harufu ile ya rangi. Nikawaeleza yote. Bi Nukta alikwenda kufunga mlango.

Mzee hakunifariji. Aliuliza tu, "Alimsomea mpaka wapi?" Nikasema, mpaka kwenye miiba na moto. "Aya ya nane," akasema. Akafungua kitabu chake kile cha Kigiriki, akaweka kidole. Kisha akaniuliza, "Na sisi tulimpelekea mpaka wapi?"

Aya nane. Nilikwenda kabatini kuangalia nakala, ingawa nilijua. Ile desturi yetu ambayo nilijisifia kwako mwezi wa kwanza. Tulikata palepale kijitabu chako kilipokata, na wala hatukufikiri, tulihesabu tu. Wewe ulimkata mama kwa kuogopa, mimi nikakukata wewe kwa kufuata utaratibu. Sijui lipi baya zaidi. Hapo hasira yangu ilipungua, si kwa kupenda kwangu.

Kwa maana barua ile inaendelea. Aya ya tisa anageuka. Amewatisha, amewaambia haiwezekani, amewawashia moto, halafu papo hapo anawaita wapenzi. Mzee anasema barua yote ni ndefu sana, na neno hilo, *agapetoi*, wapenzi wangu, analitumia mara hiyo moja tu. Hakulitumia mahali pengine popote, amelihifadhi kwa ajili ya hapo. Anawaambia kwamba ingawa anasema hivi, kwao wao ana hakika ya mambo mema zaidi, na kwamba Mungu si dhalimu hata asahau kazi yao na upendo wao. Alikuwa anaandikia watu waliochoka na wanaotaka kuondoka, ili isomwe mbele yao yote kwa mara moja. Hakutegemea mtu angefunga karatasi katikati.

"Haiwezekani" tumeirudisha, mjomba. Siwezi kukupa "ni vigumu". Lakini tumebadili desturi. Fungu sasa linakwenda mpaka mwandishi apumue, hata kama ni aya ishirini.

Jumamosi asubuhi nilimwomba mama aketi. Nilimwambia nina kitu cha kumsomea kutoka kazini, na kwamba anakijua, na asiinuke mpaka nimalize. Alinitazama vile unavyomjua anavyotazama. Nikasoma. Alikaa, mikono magotini, uso umefunga. Nikapita ile ya nane bila kuvuta pumzi.

Nilipomaliza akasema, "Soma tena hapo mwisho." Nikasoma. Akasema, "Tena." Mara ya tatu alikuwa anatembeza midomo pamoja nami.

Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inaendelea."

 Mimi nilitamani angelia, lakini mama halii. Akaenda kuchota maji, akanywa, akarudi akasema: "Mwambie mjomba wako asiniandikie. Macho yangu hayawezi mwandiko wake. Aje anisomee mwenyewe, na safari hii asikatie njiani."

Sijui kama atakusamehe. Sikumwuliza. Mimi bado kuna siku nakasirika nikiosha vyombo. Lakini njoo.

Mpwa wako.


21 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, na asante kwa kitanda, na kwa kwenda kazini siku ile ingawa ulikuwa na ruhusa. Nimefika salama. Mkaza mjomba wako amenihoji tangu stendi mpaka mlangoni, na bado hajaridhika. Nilipokuaga uliniuliza mezani tulizungumza nini, nikasema "ya kizamani tu". Nilikuwa nakwepa. Mdomo ulikataa, ndiyo maana naandika.

Ngazi zenu kweli ni nyingi. Nilipumzika mara tatu, na mara ya tatu haikuwa mgongo. Alifungua kabla sijabisha, alinisikia nikihema. Akasema, "Umezeeka." Nikasema, "Na wewe hukubaki nyuma." Akanipa chai. Lile kochi lenu limekaa vibaya, springi ya kushoto imekufa, nikamwambia nitalitengeneza. Akasema, "Hukuja kwa ajili ya kochi."

Nikataka kuanza na kuomba msamaha, nilishauandaa njiani, mrefu. Akainua mkono. "Soma kwanza."

Nilisoma ile karatasi yenu. Nilipofika "haiwezekani" nikainua macho. Akasema, "Endelea, hilo si geni kwangu." Nikaendelea. Mvua, shamba, miiba, moto. Aya ya nane ikaisha na mimi nikaisha. Maneno yanayofuata nilikuwa nayaona mbele yangu, herufi kubwa mlizochapa kwa ajili ya wazee, lakini hayakutoka. Nilisikia aibu, mwanangu. Nilikuja umbali wote ule kusoma mstari mmoja na mstari umenishinda. Nikadhani atasema, umekatia palepale.

 Bomba lenu linadondoka kweli, nililisikia. Kisha akauweka mkono wake juu ya karatasi, akaifunika, na akasema yeye, kwa kichwa, bila kukosea: "Lakini kwako wewe, mpenzi wetu, ingawa tunasema hivi, tuna hakika ya mambo mema zaidi." Alikuwa ananitazama mimi usoni. Akaendelea mpaka mwisho, ile ya Mungu kutosahau. Nililia kama nilivyolia siku tulipomzika mama yetu. Yeye alinimiminia chai nyingine, akasema imeshapoa ninywe haraka.

Kanisani anasema atakwenda akipenda, na kama hapendi tusimwulize. Nimekubali. Mimi Jumapili iliyopita nilihama benchi la mlangoni, nikasogea mbele.

Sasa nakupa kazi uliyonipa mwezi wa kwanza. Nimeweka karatasi kando, nasimulia kwa maneno yangu. Mtu mmoja aliwaandikia watu aliowapenda, waliokuwa wanataka kuondoka. Aliwaonya kwa maneno makali, hakuyapunguza hata moja. Halafu aliziona nyuso zao, na hakunyamaza hapo. Aliyenyamaza hapo ni mimi, na dada yangu ndiye aliyenimalizia.

Mjomba wako.